Chungu Kimoja, Familia Mbili: Jinsi ya Kugawa Chakula kwa Wakimbizi na Wenyeji Waliowapokea

Mgao wetu wa kwanza tuliuharibu wenyewe. Ilikuwa Machi 2025, Rugombo, upande wa Burundi wa mto Ruzizi. Mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umeingia mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari, na makumi ya maelfu ya Wakongo walikuwa wamevuka mpaka, wengine kwa barabara, wengine kwa kujitosa majini. Uwanja wa mpira wa Rugombo ulijaa, shule na makanisa yakajaa, na wengine wakaingia majumbani mwa watu: kwa ndugu, kwa wakwe, kwa watu waliokutana nao sokoni asubuhi ileile. Kikundi chetu cha waumini kilichanga, kikanunua unga na maharage, kikawaita wenye karatasi ya ukimbizi peke yao. Kila familia ikaondoka na kiroba chake.

Jioni ile mama mmoja mwenyeji, aliyekuwa amewalisha wageni saba kwa majuma mawili kutoka kwenye akiba yake, alikiona kiroba kikisukumwa chini ya kitanda. Hakusema neno. Kesho yake alipika, akawapakulia wanawe tu. Haukupita muda wale wageni wakahamia darasani, kwenye sakafu ya saruji.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza nani ni mkimbizi, nauliza chungu kiko wapi na ni nani anayekula humo. Haya ninayoyaandika ni ya vikundi vidogo: parokia, msikiti, chama cha akina mama, ndugu walioko Ulaya au Kanada wanaotuma pesa nyumbani na kuuliza zitumikeje. Mashirika makubwa yana vitabu vyao.

1. Tembea jioni, moto unapowashwa

Kabla ya kununua hata kilo moja, zunguka mtaani kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni. Asubuhi utaambiwa idadi ya watu, jioni utaiona. Hesabu mafiga yanayofuka moshi katika kila ua, kisha uliza nani atakula wapi. Utakuta hali tatu, na kila moja ina mgao wake.

Ya kwanza ni chungu kimoja: wageni na wenyeji wanapika pamoja na kula pamoja. Hawa wahesabu kama nyumba moja. Ya pili ni ua mmoja wenye mafiga mawili, ambapo wageni wanajipikia. Hapo kila moto una hesabu yake, ila mwenyeji bado anabeba mzigo, kwa sababu maji, choo, kuni na chumvi vinatoka kwake. Ya tatu ni wageni waliopanga chumba kwa kodi. Mwenye nyumba huyo anapata kipato, na sioni haja ya kumweka kwenye orodha, isipokuwa kama kodi haijalipwa miezi kadhaa na hajawafukuza. Huyo amekwishakuwa mwenyeji bila kujitangaza.

Ukiwa uani, uliza maswali machache tu. Jana mlikula mara ngapi? Watoto walikula nini? Nani hakula? Swali la mwisho mara nyingi hujibiwa na mtoto: mama.

Kisha uliza habari ya mbegu. Huku tuna misimu mitatu: mmoja huanza na mvua za Septemba, wa pili Februari, na wa tatu hulimwa mabondeni wakati wa kiangazi. Wageni walifika Februari, wakati maharage ya mbegu bado yalikuwa ndani ya vibuyu na ndoo. Nyumba nyingi ziliyapika. Aliyekula mbegu ya Februari hana cha kuvuna Juni, kwa hiyo njaa yake haitaisha siku wageni watakapoondoka. Andika pembeni ya jina lake neno moja: mbegu. Tutarudi hapo.

2. Wajulishe viongozi, lakini orodha ibaki mkononi mwako

Usigawe kwa kujificha. Mwone mkuu wa kilima (kijiji, kwa Burundi) au wa mtaa, mwone nyumbakumi, na kama uko Burundi wajulishe komuni na ONPRA, ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, pamoja na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Wao wanajua nani tayari anapata posho na nani anakaribia kuhamishwa. Wengi wa waliokuwa Rugombo walipelekwa Musenyi, katika uliokuwa mkoa wa Rutana, na ukinunua chakula cha mwezi mzima kwa watu wanaohamishwa Jumatano, umejipa kazi ya kuuza unga.

Kumjulisha kiongozi na kumpa orodha aiandike yeye ni mambo mawili tofauti. Wazee wa Goma, mji wa Kongo mpakani na Rwanda, wanayakumbuka ya Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja walipoingia mjini katika siku chache. Mashirika yalizidiwa, yakakabidhi chakula kwa viongozi wa zamani wa komuni ili wao wagawe katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga. Viongozi hao waliongeza idadi ya watu kwenye makaratasi, wakauza ziada, wakawatawala watu kwa njaa. Miongoni mwao walikuwemo walioongoza mauaji ya kimbari. Novemba mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa kwenye kambi hizo. Mtaa wako si Goma ya 1994, lakini njia ni ileile: anayeandika orodha peke yake ndiye mwenye chakula.

Unda kamati ya watu wanane, wanne wenyeji na wanne wageni, nusu yao wanawake wanaopika kila siku. Wanaume wengi hawajui debe la unga linaisha baada ya siku ngapi. Orodha ikikamilika, isomwe kwa sauti hadharani: jina la nyumba na idadi ya walaji, basi. Usisome mgonjwa ni nani, mjane ni nani, nani katoka kijiji gani. Atakayesikia nyumba hewa atacheka au atakohoa, na kamati itajua pa kuchunguza.

3. Andika kadi ya chungu

Kadi moja kwa chungu kimoja, yenye namba, jina la mama mwenyeji, jina la mama mgeni, na idadi ya walaji wa kila upande. Wote wawili waweke sahihi au dole gumba. Pale penye mitara, kila mke mwenye chungu chake apewe kadi yake. Ukiandika jina la baba pekee, nyumba ya pili italala njaa na wewe utaandika kwamba umewafikia wote.

Usiandike kabila. Usiandike kilichomkimbiza mtu. Daftari likipotea njiani, au likichukuliwa na mwenye bunduki, majina yaliyoandikwa kizembe yanaweza kumuua mtu. Mimi nina daftari moja tu na silipigi picha kwa simu.

Kuna jambo wengi hawapendi kulisema. Si kila mwenyeji ni mwema. Wapo wanaomfanyisha mgeni kazi ya shamba bila ujira, wapo wanaotaka kulipwa kwa njia za aibu. Kwa hiyo, siku ya kuandikisha, mwanakamati mwanamke azungumze na mama mgeni peke yake, mbali na mlango, na amwambie kwamba anaweza kuomba kadi yake mwenyewe wakati wowote bila kutoa sababu. Akiomba, mpe. Usimpeleke kwa mwenyeji akajieleze.

4. Chakula au pesa?

Nenda sokoni, uwaulize wauzaji watatu swali moja: nikitaka magunia ishirini ya unga wiki ijayo, utayapata, na kwa bei gani? Wakijibu bila kusita na bei isibadilike sana, pesa inafaa, kwani kila mama atanunua anachokikosa. Wakianza kuuliza lori litatoka wapi, nunua chakula mwenyewe, ukinunue mbali, usije ukapandisha bei kwa majirani ambao hawamo kwenye orodha yako. Burundi mafuta ya gari yamekuwa ya shida kwa miaka, na bei ya unga hufuata bei ya usafiri.

Pesa kwa simu ina mitego yake. Mgeni asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini, kwa hiyo fedha zitapitia simu ya mwenyeji, na hapo umempa mmoja ufunguo wa chungu cha wawili. Goma, benki zilifungwa tangu mwisho wa Januari 2025, noti zikawa adimu, na kuitoa pesa iliyotumwa kwa simu kukawa na gharama kubwa. Pesa ipo kwenye simu, mkononi haipo.

Mimi huchanganya: unga, maharage, mafuta na chumvi kwa kupima, kisha kiasi kidogo cha pesa taslimu kwa ajili ya kuni, sombe (majani ya muhogo), sabuni na nyanya. Ukigawa mahindi badala ya unga, ongeza pesa ya mashine. Usipoongeza, watauza sehemu ya mahindi ili wasage yanayobaki, na ile hesabu yako nzuri imeshaharibika kabla sufuria haijainjikwa.

5. Pima kikapu

Kipimo kinachotumika duniani kupanga chakula cha dharura ni wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Ni wastani: mtoto hula pungufu, mwanamume anayelima hula zaidi, kwa hiyo usianze kukata posho ya watoto ukidhani umepata akili. Posho ya kawaida ya mashirika ni gramu 400 za nafaka, 60 za maharage, 25 za mafuta, 5 za chumvi, na juu yake unga wa uji wenye virutubishi na sukari kidogo. Vikundi kama vyetu huwa havina huo unga wa uji kwa watu wote. Basi ongeza maharage yafike gramu 100 na mafuta gramu 35, ndipo utakaribia 2,100.

Chukua mfano wa nyumba yenye wenyeji sita na wageni watano. Chakula kikitosha, hesabu walaji 11. Kisipotosha, na mara nyingi hakitoshi, mimi huwapa wageni posho kamili na wenyeji nusu posho, kwa sababu mwenyeji bado ana migomba, kuku wawili, na mtu wa kumkopesha. Watano kamili na nusu ya sita ni posho nane. Kwa siku 15 chungu hicho kinapata:

- unga kilo 48, yaani viroba viwili vya kilo 25 kasoro kilo mbili (wape tu viroba viwili);
- maharage kilo 12;
- mafuta ya kupikia lita nne na nusu;
- chumvi yenye madini joto gramu 600.

Vyote vinaingia ndani kama vya nyumba moja. Usitenge fungu la wageni na fungu la wenyeji. Kadi ni moja, na mkono wa kwanza kushika kiroba uwe wa yeyote kati yao. Uganda kuna kanuni iliyozoeleka kwamba asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji wa eneo hilo. Kwa kisima, shule au zahanati inayohudumia maelfu, ni kanuni nzuri. Chunguni haisaidii, maana huwezi kuchota asilimia 30 ya ugali.

Sasa chakula chenyewe. Ukinunua mahindi, usiangalie bei tu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu. Yataota kuvu ghalani. Na kuvu si suala la ladha. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Yale yaliyooza "kidogo tu" ambayo mfanyabiashara anataka kuwachangia wakimbizi kwa roho safi, yakatae kwa adabu.

Unga wa muhogo watu wanaupenda, na ni sawa kuugawa, lakini hauna protini ya kuhesabika. Ukigawa muhogo mtupu, yale maharage gramu 100 hayatoshi. Changanya nusu kwa nusu na unga wa mahindi au ongeza ndagala (dagaa). Uliza pia ulivyotengenezwa. Muhogo mchungu unahitaji kulowekwa siku tatu au nne, kisha kuanikwa. Vita vinapobana, watu hufupisha siku hizo, na ukiliwa hivyo kwa majuma bila protini huleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla, hasa ya watoto na wanawake, na hauponi. Kwa hiyo mimi hununua kwa akina mama ninaowajua, ninaoweza kwenda kuona mapipa yao ya kulowekea.

Karanga usizione kama vitafunio. Malawi iliwapokea Wamsumbiji wengi waliokimbia vita, na posho yao ilitegemea mahindi meupe, karanga zikiwa chanzo chao kikuu cha vitamini ya niasini. Karanga zilipokatika, ulizuka ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka shingoni na mikononi, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa. Mwaka 1990 pekee waliougua walizidi 17,000. Chakula kilikuwepo, matumbo yalijaa, na watu wakaugua kwa kukosa kitu kimoja. Kila mgao wa pili au wa tatu, tafuta karanga au ndagala.

Maharage nayo yana gharama iliyojificha: kuni. Maharage makavu ya zamani huchukua saa tatu motoni. Chagua ya msimu huu, na uwakumbushe watu kuyaloweka usiku kucha. Ukiweza, toa na sufuria kubwa moja kwa chungu cha watu zaidi ya kumi; niliona nyumba ikipika ugali mara tatu kila jioni kwa sababu sufuria ilikuwa ya watu wanne.

Jambo la mwisho kuhusu vipimo. Kopo moja la unga na kopo hilohilo la maharage hayana uzito sawa, na kopo lililosawazishwa juu si kopo lililojazwa hadi kufurika. Pima kila bidhaa kwenye mizani mara moja, weka alama ya rangi kwenye kopo, na mtu wa kuchota asibadilishwe katikati ya siku.

6. Siku ya mgao

Anza saa mbili asubuhi, umalize kabla ya saa nane mchana, ili wa mbali wafike kwao bado kweupe. Mtu mwenye kiroba begani jioni ni windo. Waite watu kwa zamu, vyungu 30 kwa saa. Ukiwaita 300 kwa pamoja, umeita fujo. Kivuli, maji ya kunywa, na maji ya kunawa yenye sabuni ni lazima. Kipindupindu hakiko mbali na huku kwetu, na Goma ya 1994 kiliua maelfu kwa maelfu ndani ya majuma machache.

Wajawazito, wazee, walemavu na wenye watoto mgongoni watangulie. Asiyeweza kuja atume mtu aliyemtaja siku ya kuandikishwa. Panga wabebaji: Goma ungeita chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), Rugombo baiskeli, na uwalipe wewe, la sivyo watalipwa kwa unga.

Kwenye bango kubwa mlangoni andika kila mlaji anapata nini, kwa Kirundi na Kiswahili, na uchore picha kwa wasiosoma. Chini yake: CHAKULA HIKI NI BURE. HAKILIPIWI KWA PESA, KWA KAZI, WALA KWA MWILI. Lisomwe kwa sauti kila saa. Weka mizani pembeni ambapo mtu yeyote anaweza kupima alichopewa kabla ya kuondoka, na meza ya malalamiko inayosimamiwa na mtu asiyechota chakula. Mwenye silaha asiingie uwanjani, hata kama ni mlinzi wenu.

Halafu kuna picha. Wafadhili wanazitaka, najua. Piga picha ya magunia, ya mizani, ya migongo. Mama anayepokea unga asipigwe picha ya uso akiwa ameinamisha kichwa ili mtu wa mbali aridhike.

7. Watoto, na maziwa ya kopo

Nunua au omba kituoni mkanda wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115, rangi nyekundu: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, usimpe kiroba ukadhani umemaliza. Kati ya 115 na 125, njano: mwandike, apate uji wenye karanga na mafuta, umpime tena. Pima watoto wa mwenyeji pia. Mara mbili nimekuta nyekundu upande wa wenyeji wakati wageni wote ni kijani.

Maziwa ya unga usiyagawe hovyo, hata yakiletwa bure na lori zima. Mtoto chini ya miezi sita anahitaji titi la mama peke yake. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima katika chupa isiyochemshwa huua kwa kuhara. Anayetakiwa kusaidiwa ni mama: sehemu ya ziada ya chakula, maji ya kunywa, na mahali pa faragha pa kunyonyeshea. Mtoto aliyefiwa na mama ni shauri la muuguzi.

8. Rudi baada ya siku saba

Nenda sokoni kwanza. Ukiona mafuta yako yanauzwa, usikimbilie kumfuata mtu. Uliza anayeuza ananunua nini. Safari moja tulikuta chumvi na mafuta vinauzwa ili kununua madumu ya maji, kwa sababu mwenyeji alikuwa na dumu moja kwa watu 13. Hakuna aliyekuwa ametuambia, nasi hatukuwa tumeuliza. Mgao uliofuata tuliongeza madumu, mafuta yakabaki nyumbani.

Kisha pita majumbani, tena jioni. Angalia kama chungu bado ni kimoja. Kikigawanyika, badilisha kadi palepale bila hukumu. Watu 13 kwenye vyumba viwili watagombana hata kwa chakula kingi, na kutenganisha mafiga mara nyingine ndiko kunakonusuru urafiki.

9. Posho ikipungua, na wageni wakiondoka

Fedha zikipungua, sema mapema. Mwaka 2023 posho katika kambi za Nyarugusu na Nduta, Tanzania, ilishushwa hadi nusu. Mwaka 2025 WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, huku kwetu tunaiita PAM, ililazimika kufanya hivyohivyo Burundi. Kambini watu huliona tangazo ubaoni. Mtaani hakuna ubao. Ukijua leo kwamba mwezi ujao kuna nusu tu, waite kamati leo, mkubaliane nani apunguziwe kwanza. Sisi tuliamua kwamba nyumba zenye mtoto wa nyekundu au njano zisiguswe, na zilizobaki zipunguziwe sawasawa. Walinung'unika, lakini walikuwa wamekaa wenyewe kwenye kikao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tunalo; shamba ndilo hatuna, kwani bonde la Ruzizi limelimwa hadi kingoni. Pale mwenyeji anapokubali kumwazima mgeni kipande, andikisheni mbele ya mkuu wa kilima nani analima, nani anavuna, hadi mwezi gani. Karatasi moja inatosha.

Familia ikihama, ikienda Musenyi au ikirudi Bukavu, ipe posho ya njiani ya siku tatu, na kadi ifutwe siku hiyo mbele ya mwenyeji. Yeye usimfute. Fungua daftari, tafuta lile neno ulilomwandikia pembeni hapo mwanzo: mbegu. Kwa kipande cha mita 50 kwa 20 anahitaji kilo sita hadi nane za maharage ya mbegu. Yamfikie mwisho wa Agosti, ukimwambia ni ya kupanda, pamoja na kilo tano nyingine za kupika. Bila hizo za kupika, ataipika mbegu.